Siku za Mchanga

Ukitaka kugombana na yule mchimba visima, hukuwa na haja ya kumkanyaga mguu. Ilitosha kutamka mbele yake neno "bahati". Angekushika palepale, chai yako ipoe, akueleze kwamba duniani hakuna bahati, kwamba kabla hujazaliwa Mungu alishajua utakula nini leo na utatapika nini kesho. "Imeandikwa," angemaliza, na hapo usimjibu. Ndiyo maana watu walimwita Imeandikwa, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa mzee wa kanisa, kifua kimejaa vumbi la miaka thelathini ya visima, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na akimaliza kukohoa anaendelea kubisha palepale alipoachia.

Aliyembishia kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kwa tabia ya kutoacha jambo lipite hivihivi walimwita Swali. Kila Jumatano alasiri, kwenye kipindi cha kujifunza Neno, hawa wawili walikaa benchi moja na kuwakosesha wenzao raha.

"Shemeji," Swali alianza siku moja, kwa upole wa mtu anayetega, "kama kila kitu kilishapangwa, mwizi anafungwa kwa kosa gani? Si alipangiwa?"

"Alipangiwa kuiba, na hakimu alipangiwa kumfunga. Umeridhika?"

"Sijaridhika."

"Basi umepangiwa kutoridhika."

Watu wakacheka, mchungaji akatazama saa. Swali hakukasirika, hakuwa mtu wa kukasirika. Alisema tu kwamba Mungu wake yeye ni mkubwa kiasi cha kumpa mtu hiari na asiogope mtu huyo ataifanyia nini. Mchungaji akasema wote wawili wana ukweli ndani yao, jibu ambalo liliwaudhi wote wawili.

Kazini walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mwana wa Imeandikwa, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Swali alikuwa mjomba wake, na ndiye aliyemfundisha kufunga kamba, kuweka kapi na kusikiliza udongo. Imeandikwa alimpenda huyo mwana mpaka ikawa aibu kumtazama akimtazama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wengine tunyamaze.

Kisimani hushuka mmoja. Anachimba kwa sururu ya mpini mfupi tangu asubuhi mpaka saa sita, wawili walio juu wanavuta ndoo. Hakuna anayependa kushuka, na anayekwambia anapenda ni mwongo. Zamani, kabla Swali hajajiunga, wachimbaji wa Imeandikwa waligombania zamu mpaka mmoja akampiga mwenzake koleo la bega. Tangu siku hiyo ikawa ni kura. Vijiti vitatu vya ufagio, kimoja kifupi. Wanavua kofia, Imeandikwa anaomba huku amevifumbata ngumini, vichwa vimelingana. Mdogo anachomoa kwanza, kisha anayemfuata kwa umri, na cha mwisho ni cha mwenye ngumi. Aliyepata kifupi anashuka.

"Mkono ni wangu," alikuwa akisema, "lakini anayechagua ni Yeye."

Baada ya kura hapakuwa na ubishi. Hata Swali, mbishi wa kubisha kwamba jua limechomoza, alichukua kijiti chake akavua viatu bila neno.

Sasa kile kisima. Kilikuwa cha mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha, na walikuwa wamefika futi thelathini na mbili. Juu walipita udongo mgumu, halafu wakaingia kwenye mchanga. Mchimbaji yeyote atakwambia: mwamba unakuchosha, mchanga unakuua. Dawa ya mchanga ni pete za zege, unazishusha moja juu ya nyingine zishike ukuta. Pete walikuwa nazo, wamezimwaga wenyewe pale uwanjani, ila zilikuwa na siku tatu tu na pete inataka wiki nzima ikomae. Ukiishusha mbichi inakatika.

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi Swali akalala kifudifudi ukingoni na kioo mkononi, akalirusha jua ndani ya shimo kama wafanyavyo wachimbaji, akazungusha mwanga ukutani polepole. Akauona ufa. Ulikuwa mwembamba, umelala, kama kimo cha mtu kutoka juu. Akamwita shemeji yake, naye akalala akautazama.

"Tungoje pete," alisema Swali. "Siku nne tu."

"Mwenye kiwanja amekuja mara mbili kuuliza."

"Aje ya tatu. Tutamkaribisha."

"Siku ya mtu ikifika imefika, hata akiwa kitandani kwake. Na kama haijafika, kisima kimfunike na atatoka mzima."

"Sikatai. Lakini aliyeiandika siku yangu ndiye aliyenipa macho ya kuuona ule ufa. Alinipa ya nini, shemeji? Mapambo?"

Kijana akacheka. Imeandikwa hakucheka. Akavua kofia, na maana yake ilijulikana: mjadala umefungwa.

Hapa ndipo penyewe, nami sitazunguka. Alipokuwa anaomba, macho yamefumbwa, Imeandikwa aliuona ule ufa vizuri kuliko alivyouona kwa kioo. Na kidole gumba chake kikasogea. Kikakisukuma kijiti kirefu kimoja juu kidogo, upana wa punje ya mchele. Mwanawe tangu utotoni huchukua kilichojitokeza, kiwe kipande cha mkate au kiti cha pembeni, ni tabia yake na wala haijui. Babake aliijua. Kijana akachomoa kilekile. Kirefu. Wala isidhaniwe ilikuwa mara ya kwanza.

Vikabaki viwili, na hivyo Imeandikwa hakuvigusa kwa hila yoyote. Hivyo alimwachia Mungu, ndivyo alivyojiambia, kama mtu anayekula nyama akamwachia mgeni mchuzi. Swali akagusa kimoja, akakiacha, akachukua cha pili. Kifupi.

"Haya," alisema Swali, akavua viatu.

Zilipanda ndoo tisa. Ya kumi ilikuwa bado iko chini waliposikia mlio mfupi, wala haukuwa mkubwa, kama gunia linalotupwa sakafuni. Kamba ikakaza mkononi mwa kijana. Halafu haikusema kitu tena. Walipiga kelele, majirani wakaja ishirini na zaidi na majembe, na mwenye kiwanja akaja na sufuria za jikoni. Walichimba mpaka saa kumi na moja jioni. Swali alikuwa amesimama mle ndani, mikono juu, mdomo umejaa mchanga. Kijana ndiye aliyemfikia kwanza, akamfuta uso kwa shati lake.

Msibani kila aliyeingia alikuwa na la kusema, na lote lilikuwa moja. Ni mapenzi ya Mungu. Siku yake ilifika. Ya Mungu hayana makosa. Ajali haina kinga. Maneno yaleyale Imeandikwa aliyowafundisha miaka yote yakamrudia kwa midomo ya watu, na kila mmoja alimtazama akingoja ayathibitishe. Yeye akawa anakohoa. Walidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwamo, usiseme hakuwa na moyo. Lakini lile neno lake moja, lililompa jina, halikutoka.

Siku ya maziko mwanawe alisimama mbele ya watu bila kuombwa.

"Kura ingeweza kuniangukia mimi," alisema. "Sote watatu tulikuwa sawa. Mungu akanipitisha kando, na sijui kwa nini, mjomba alinizidi kwa kila kitu. Ila najua kwamba maisha haya si yangu tena. Nimeongea na mchungaji. Nitaenda chuoni nikasomee kazi yake."

Mama yake, aliyekuwa amempoteza mdogo wake na kubakishiwa mwanawe kwa siku moja, alimkumbatia akalia kilio ambacho huwezi kukijua ni cha nini. Mchungaji naye akafuta macho. Kisha akamvuta Imeandikwa pembeni akamwambia kwamba Jumapili itakuwa ibada ya kumkumbuka marehemu, na kwamba yeye ndiye anayefaa kusema neno. "Watu wametikisika. Wewe ndiye nguzo yetu kwenye fundisho hili. Waambie Mungu yuko kwenye kiti chake."

Imeandikwa akaitikia. Angesema nini?

Jumamosi, asubuhi, alikwenda kwa mjane wa Swali. Alimkuta chumba cha mbele, mbele ya cherehani yake, anashona sare za shule. Kazi za watu hazingoji msiba. Watoto wawili walikuwa sakafuni wakipanga vifungo kwa rangi.

"Karibu, shemeji," alisema mjane. "Kaa hapo, sogeza hizo kaptula."

Akakaa. Akakohoa. Alikuwa amepanga njia nzima jinsi atakavyoanza, na alipofika mwanzo ukampotea.

"Kesho wameniambia niseme kanisani."

"Nimesikia."

"Nimekuja kukuuliza unataka nisemeje."

Mjane alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akawaambia watoto waende nje wakacheze, wakaenda.

"Usisimame pale ukasema Mungu alimchukua. Hilo tu. Mengine sema utakavyo."

"Lakini shemeji, kura..."

"Kura gani?" Hakupandisha sauti. "Siku za mwamba mwanao alikuwa anashuka. Siku za mchanga hashuki. Miezi minane hivyo. Mume wangu alikuwa mtu wa maswali, ulidhani hilo hatajiuliza?"

Imeandikwa alitazama kaptula za bluu mapajani mwake, hakujua amezishika tangu lini.

"Alijua?"

"Alijua kidole. Aliniambia hapa hapa, anakula, anacheka. Akasema, shemeji yangu anamsaidia Mungu kuchagua."

"Na hakuniambia?"

"Alisema akikwambia utakufa kwa aibu kabla kifua hakijakuua."

Basi akajitetea, masikini, kwa kile kipande alichokuwa amebakiza. Akamwambia kwamba ni kweli, alimkinga mwanawe, alikosa, na Mungu amhukumu. Lakini vijiti viwili vya mwisho hakuvigusa. Pale ilikuwa yeye au Swali, nusu kwa nusu, na kifupi kingeweza kumbakia yeye mwenyewe. Pale palikuwa pa Mungu peke yake.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kifupi unakibana sana kisidondoke. Ukikigusa hakichezi. Alikuwa anagusa kimoja kwanza, ndipo anajua kipi ni kipi. Hukuona zamu zako zimepungua? Tangu kifua kianze kukushika hujashuka hata mara nne. Mkawa mnasema kanisani, Swali anapendwa na kisima, mnacheka. Alisema mzee akishuka na kikohozi kile hapandi. Kwa hiyo alikichukua. Kila mara alikichukua."

Nje watoto walikuwa wanagombania kitu.

"Kwa hiyo hapakuwa na kura," alisema Imeandikwa.

"Hapakuwa na kura. Palikuwa na wewe, na palikuwa na yeye. Sasa niambie, wewe mwalimu. Kama siku ya mtu imeandikwa na haifutiki, kile kidole chako kilikuwa kinafanya nini pale? Uliuona ufa kama alivyouona yeye. Uliamini, kama alivyoamini yeye, kwamba unaua. Ukamkinga wako, sisi ukatuachia mapenzi ya Mungu."

Imeandikwa alisema jambo moja tu, kwa sauti ndogo: "Nikisema hayo kesho, mwanangu ataangamia. Ameshika kwamba Mungu alimpitisha kando. Hana kingine."

"Najua," alisema mjane. "Nampenda yule mtoto. Ndiyo maana sijasema mimi. Sitasema. Lakini wanangu watakaa benchi la mbele, na utakalolisema ndilo watakalokua nalo kuhusu baba yao. Chagua."

Akaanza kuzungusha gurudumu tena. Imeandikwa akaziweka zile kaptula mahali pake akatoka.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mke wa Imeandikwa alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, mkono wa mtoto mdogo wa marehemu uko mikononi mwake. Kijana alikaa karibu na mchungaji, amevaa koti la kuazima, na watu walikuwa wameshaanza kumtazama kwa heshima ile wanayompa mtu aliyetengwa kwa kazi ya Bwana. Babake alipoitwa alipanda jukwaani taratibu, akashika kingo za meza, na akasema yote. Hakupamba. Alisema ufa, alisema kioo, alisema shemeji yake aliomba siku nne akanyimwa. Alisema kidole. Alisema mwanawe asingechomoa kifupi siku ile hata angerudia mara mia. Alisema Swali alijua, na akashuka kwa kupenda kwake ili yeye mzee asishuke.

"Mungu hakumchukua," alimalizia. "Nilimpeleka mimi."

Asiangalie alikokaa mwanawe, alijiambia, na akaangalia. Kijana alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.

Mahali fulani nyuma mwanamke alianza kulia. Imeandikwa alingoja. Alingoja watu wamzomee, wamvue uzee wa kanisa, wamtoe nje kwa shingo, angewashukuru. Ndipo mchungaji akasimama, akamwekea mkono begani, mkono wa joto, na machozi ya kweli yalikuwa yanamtoka.

"Wapendwa," alisema, "mmemsikia mzee wetu. Ni nani kati yetu mwenye mtoto ambaye kidole chake kisingesogea? Lakini tazameni. Ameungama udhaifu wake, nami nawaonyesha nguvu za Bwana. Alitaka mtumishi kutoka nyumba hii. Alimtaka kijana huyu kabla hajaumbwa. Kidole kilisogea, ndiyo. Lakini nani alikisogeza?"

"Bwana," likajibu kanisa.

"Nani?"

"Bwana."

"Ni mimi," alisema Imeandikwa.

Alisema polepole, naye hakuwa na kipaza sauti tena, mchungaji alikuwa amekichukua. Akarudia. Aliyesikia ni mpiga kinanda peke yake, na huyo alidhani mzee anaomba. Wimbo ukaanza. Watu wakasimama, wakaja mbele mmoja mmoja kumkumbatia, wakimwambia Mungu ni mwema, Mungu ameligeuza baya kuwa jema. Fundisho alilolijenga tofali kwa tofali miaka ishirini likamfunika hivyo, yuko wima, na hakupata pa kutokea.

Mjane hakuimba. Aliwatoa watoto wake kwa mlango wa pembeni, na kijana akawafuata. Imeandikwa alipofaulu kujinasua aliwakuta nyuma ya kanisa, penye mapipa ya maji. Koti la kuazima lilikuwa limewekwa juu ya pipa.

"Baba," alisema kijana. Uso ulikuwa mkavu. "Mchungaji anasema ni Mungu."

"Nimemsikia."

"Nataka iwe hivyo. Kama ni Mungu naweza kwenda chuoni, naweza kula, naweza kulala. Kama ni wewe, basi mimi ninapumua kwa sababu ulimtoa mjomba badala yangu, na sijui mtu anaishije hivyo. Sijui, Baba. Niambie ni Mungu. Sema tu, nitaamini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Lilikuwa neno moja. Alishalitamka mara elfu, kwa wagonjwa, kwa wafiwa, kwa waliofukuzwa kazi, na lilikuwa limewapoza wengi. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake anaomba alitamke mara moja zaidi, na Imeandikwa alimpenda kuliko pumzi yake mwenyewe. Mjane alikuwa kando, anawafunga watoto kamba za viatu, hamtazami.

"Ni mimi, mwanangu," alisema. "Nilichagua. Na nisikudanganye zaidi: ukinirudisha asubuhi ile leo hii, na haya yote ninayajua, ningekisukuma tena."

Kijana akasema: "Na mjomba angekichukua tena."

"Ndiyo."

"Basi hakuna aliyekuwa na hiari. Mngefanya yaleyale."

Mjane akasimama, akajifuta magoti vumbi.

"Alikuwapo mmoja," alisema. "Tumemzika."

Akawashika watoto mikono, akapita katikati ya baba na mwana, akaelekea barabarani. Ndani walikuwa wamefika ubeti wa nne.